Kahawa moja, viwango vitatu vya moto: mwongozo wa kukaanga na kuonja nyumbani

Wanaoanza kujikaangia kahawa hapa Mwanza huniuliza maswali yaleyale, na la kwanza karibu kila mara ni hili: je, kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ndiyo yenye nguvu zaidi? La pili huja baada ya mtu kuonjeshwa kahawa yenye rangi ya mdalasini na kukunja uso: mbona hii ni chachu, au imeharibika? La tatu ni la mnunuzi: nitajuaje kahawa hii imekaangwa kwa kiwango gani, ikiwa pakiti yenyewe haisemi kitu? Nimeyajibu kwa maneno mara nyingi, lakini maneno hayamtoshi mtu ambaye ulimi wake haujapata kulinganisha. Njia ya uhakika ni kuchukua kahawa ya mfuko mmoja, kuikaanga kwa viwango vitatu asubuhi moja, kisha kuionja katika glasi tatu zilizopangwa kwa safu. Kazi yenyewe huchukua kama saa mbili za kukaanga, siku tatu za kungoja na nusu saa ya kuonja.

Machache ya kujua kwanza

Kiwango cha ukaangaji ni mahali ulipousimamisha moto, na hakisemi lolote kuhusu ubora wa kahawa wala nguvu yake. Kahawa mbichi iliyokauka vizuri ina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Moto huanza kwa kuyafukuza maji hayo. Baadaye sukari na protini zilizomo ndani ya punje huungana na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na ile harufu tunayoijua. Halafu mvuke na gesi vilivyobanwa humo huipasua punje kwa mlio, joto la punje likiwa karibu nyuzi 196 za Selsiasi. Huo ni mpasuko wa kwanza. Ukiendelea na moto, punje hupasuka tena kwa sauti nyembamba zaidi zinapokaribia nyuzi 225, na huo ni mpasuko wa pili. Katika safari hiyo uchachu hupungua, uchungu wa kuungua huongezeka, na mafuta yaliyokuwa ndani husogea hadi juu ya punje.

Kafeini, ambayo ndiyo humkesesha mtu, haibadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa, iwe umekaanga kidogo au sana. Kinachoibadilisha ni aina ya kahawa, kwa kuwa Robusta ina kafeini karibu maradufu ya Arabika, na pia wingi wa unga unaotia kwenye maji. Kahawa ya kijiweni hukukesesha kwa sababu mara nyingi ni Robusta, imetiwa kwa wingi na imechemka muda mrefu kwenye birika. Weusi wake ni jambo jingine kabisa.

Vitu vya kuandaa

- Kahawa mbichi iliyokobolewa, kilo moja, yote kutoka mfuko mmoja. Ukiwa Mwanza, iliyo rahisi kupatikana ni Robusta ya Kagera, inayovuka ziwa kutoka Bukoba au kuja kwa barabara. Ukiweza kupata Arabika ya Tarime, Kilimanjaro, Mbeya au Mbinga, anza nayo, kwa sababu tofauti za viwango vitatu hujitokeza wazi zaidi katika Arabika.
- Kikaango au sufuria nzito yenye kitako kinene na kifuniko chake. Kisiwe kile cha kukaangia sato au sangara, hata kama umekisugua kwa majivu.
- Mwiko wa mbao wenye mpini mrefu.
- Jiko la gesi au la mkaa. La gesi ni rahisi zaidi kulidhibiti.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Usijaribu kuikwepa kwa kutumia kikombe. Sababu utaiona mbele.
- Nyungo mbili, au ungo mmoja na chujio pana la chuma. Feni ikiwepo itakusaidia.
- Simu kwa ajili ya kuhesabu dakika, pamoja na karatasi na kalamu.
- Chupa tatu za kioo zenye vifuniko, zilizooshwa na kukauka kabisa.
- Mashine ndogo ya kusagia ya mkono, au kinu na mchi. Kinu kilichotwangiwa vitunguu saumu hakifai.

Kuna makosa mawili ya kununua ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kuleta kahawa ya maganda, yaani tunda zima lililokaushwa ambalo bado halijakobolewa. Hiyo ukiitia kikaangoni ganda litaungua kabla punje haijapata joto. La pili ni kununua kahawa ya kutafuna ya Wahaya, ambayo imechemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa. Ile ni kwa ajili ya kutafuna kama ilivyo, ina heshima yake ya kumkaribishia mgeni, na haikuandaliwa kwa moto wa kikaangoni. Punje unayoitafuta ni tupu, ngumu, na rangi yake ni ya kijani kibichi kilichofifia au ya manjano yaliyochanganyika na kijivu.

Angalia pia mahali unapoihifadhi. Kahawa mbichi hunyonya harufu ya jirani yake. Niliwahi kuacha mfuko wa kilo tano katika stoo yenye gunia la dagaa kwa muda wa wiki moja tu. Nilipoikaanga, harufu ya dagaa ilionekana kuwa imeondoka na moshi, nikadhani nimenusurika. Lakini kikombe kilipoanza kupoa ilirejea, na kahawa yote ikanilazimu kuitupa. Kwa mtu anayeishi karibu na mwalo, au ambaye nyumba yake ina biashara ya samaki, kahawa ikae kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, katika chumba tofauti.

Hatua za kazi

1. Chagua saa na mahali. Kaanga asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, kwa sababu upepo hupoza upande mmoja wa kikaango na kukuharibia hesabu ya dakika. Kaa uani nyuma ya ukuta, au jikoni penye dirisha kubwa lililo wazi. Moshi wa kiwango cha tatu ni mwingi na mkali, kwa hiyo watoto wadogo na mtu mwenye pumu wasiwe karibu.

2. Chambua. Mwaga kahawa kwenye ungo na uondoe punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, pamoja na vijiti na mawe. Usiipite hatua hii kwa haraka: punje moja iliyooza hutosha kuharibu glasi nzima, na jiwe dogo huvunja meno ya mashine ya kusagia.

3. Pima mafungu manne ya gramu 200 kila moja. Fungu la kwanza ni la mazoezi. Likiungua usisikitike, maana kazi yake ni kukufundisha tabia ya jiko lako na kikaango chako. Gramu 200 zinazobaki ni akiba.

4. Pasha kikaango kwa moto wa wastani. Kwa mkaa, ngoja hadi moshi uishe na makaa yavae majivu meupe, kwa kuwa moshi wa mkaa unaowaka nusunusu huingia kwenye kahawa na hautoki. Dondosha tone la maji kikaangoni: likirukaruka na kukauka mara moja, kikaango kiko tayari. Kifute kikauke.

5. Mwaga fungu na uanze kuhesabu dakika. Kuanzia hapa mkono wako hausimami. Koroga kutoka pembeni kwenda katikati, uigeuze kahawa ya chini ije juu, kama anayekaanga karanga za kashata ambazo hataki hata moja iungue. Ukisimama kwa nusu dakika kwa ajili ya kupokea simu, punje zilizo chini zitapata madoa meusi yasiyorekebishika.

6. Fuata rangi na harufu. Katika dakika mbili za kwanza hakuna kikubwa kinachoonekana, ila harufu ya majani makavu. Kati ya dakika ya nne na ya tano punje zinakuwa za njano, na harufu inageuka kuwa ya nafaka inayokaangwa, ikikaribiana na ile ya mahindi ya kuchoma yanapoanza kushika moto. Baadaye zinaelekea rangi ya kahawia hafifu. Chukua punje moja kwa kijiko na uitazame kwa karibu: ule mstari wa katikati unaanza kufumbuka, na ndani yake pana ngozi nyembamba, nyeupe kama karatasi ya sigara, inayojibandua. Hayo ndiyo makapi. Yatarukaruka kikaangoni, na mengine yatapeperuka. Yapulize taratibu yaende upande usio na moto, kwa sababu yanashika moto haraka kuliko kahawa yenyewe.

7. Sikiliza mpasuko wa kwanza. Kwa gramu 200 na moto wa wastani utausikia kati ya dakika ya nane na ya kumi. Sauti yake hufanana na ya bisi zinapoanza kupasuka sufuriani: moja, kimya, mbili, kisha nyingi kwa pamoja. Andika dakika uliyousikia mpasuko wa tatu au wa nne, kwa kuwa ule wa kwanza kabisa mara nyingi ni punje moja iliyotangulia wenzake. Ukiwahi kufika hapa kabla ya dakika ya sita, moto ni mkali mno. Ukipita dakika ya kumi na tatu bila kusikia kitu, moto ni mdogo.

8. Kiwango chepesi: ondoa kahawa pale mipasuko inapoanza kupungua, yaani dakika moja hadi moja na nusu baada ya kuanza kwake. Rangi itakuwa ya mdalasini au kahawia hafifu, na punje zitakuwa kavu zisizo na mng'ao wowote. Watu wengi wanaoanza huogopa kuitoa mapema hivi na huiongezea dakika mbili za tahadhari. Wakifanya hivyo wanakuwa tayari wameingia kiwango cha kati, na hawatakijua kamwe kiwango chepesi.

9. Poza mara moja. Mimina kahawa kwenye ungo, kisha uihamishe kati ya nyungo mbili mbele ya feni, ukiipepeta ili makapi yaondoke. Ndani ya dakika nne uwe na uwezo wa kuishika mkononi bila kuungua. Kahawa iliyoachwa kwenye kikaango cha moto, hata ikiwa jiko limezimwa, inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe, na hapo ndipo watu hupoteza kiwango walichokikusudia. Kamwe usimwagie maji.

10. Kiwango cha kati: rudia hatua ya nne hadi ya saba kwa fungu jingine, kwa moto uleule. Safari hii acha mipasuko iishe kabisa. Baada yake kuna kimya, na kiwango cha kati kinakaa ndani ya kimya hicho. Endelea kukoroga kwa dakika moja hadi mbili, kisha utoe na kupoza. Rangi itakuwa ya kahawia iliyokolea, uso wa punje utakuwa laini zaidi, na mafuta bado hayajaonekana.

11. Kiwango kilichokolea: rudia tena, upite kimya kile, ungoje mpasuko wa pili. Sauti yake si ya bisi. Ni nyembamba na ya haraka, kama chumvi ya mawe iliyorushwa kwenye makaa. Ukishaisikia, hesabu sekunde 20 hadi 30, uondoe. Hapa usitazame pembeni hata kidogo: kutoka kahawa nzuri iliyokolea hadi makaa ni chini ya dakika mbili, na moto ukishika makapi kikaango chote kinaweza kuwaka. Ikitokea hivyo, zima jiko, funika kikaango kwa kifuniko chake, usimwage maji, na usikibebe kikiwa kinawaka.

12. Pima kila fungu likishapoa. Gramu zilizopungua ugawanye kwa mbili, nawe utapata asilimia ya uzito uliopotea, kwa kuwa ulianza na gramu 200. Kiwango chepesi hubaki na gramu 175 hivi, yaani upotevu wa asilimia 12 au 13. Cha kati hubaki na gramu 170 hivi. Kilichokolea hubaki na kati ya gramu 160 na 165. Namba hizi ni shahidi mwaminifu kuliko macho, kwa sababu rangi ya punje hudanganya chini ya taa ya umeme, na Robusta na Arabika hazifanani rangi hata zikiwa zimekaangwa sawa. Ikiwa "kiwango chepesi" chako kimepoteza asilimia 16, hicho ni cha kati, hata kama kinaonekana cheupe.

13. Weka kwenye chupa, andika kiwango na tarehe, na upumzishe. Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa gesi kwa wingi, kwa hiyo usiku wa kwanza kifuniko kikae bila kukazwa; kesho yake kikaze na uweke chupa kabatini, mbali na mwanga. Onja siku ya tatu. Ukionja siku ileile, gesi itakupa ladha kali isiyo na umbo, na kiwango chepesi ndicho kitakachoonewa zaidi.

14. Saga na uonje. Pima gramu 10 za kila kiwango kwa mizani, kamwe si kwa kijiko. Punje iliyokolea imevimba na kuwa nyepesi, hivyo kijiko chake kimoja kina kahawa pungufu kuliko kijiko cha kiwango chepesi, na mtu anayepima kwa kijiko hulinganisha vitu visivyolingana. Saga zote kwa ukubwa mmoja, kama chembe za sukari ya kawaida. Ukitumia kinu, fahamu kwamba punje za kiwango chepesi ni ngumu na zitakutaka nguvu, ilhali zilizokolea hupondeka upesi na kuwa vumbi. Basi hizo zitwange kwa mapigo machache.

Tia kila unga kwenye glasi yake na umimine mililita 180 za maji yaliyochemka. Vitabu vingi vinaelekeza uyaache maji yapoe kwanza. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo ngoja nusu dakika tu baada ya kuepua. Maji yenye harufu ya dawa ya kusafishia yachemshe bila kifuniko kwa dakika kadhaa, au tumia ya chupa. Baada ya dakika nne vunja tabaka la juu kwa kijiko, ukisogeza pua karibu, kisha uondoe povu na chembe zinazoelea. Ngoja hadi dakika ya kumi na mbili. Onja kwa kijiko, uvute kwa mdomo pamoja na hewa, sukari ikae mbali. Rudia baada ya dakika kumi, kisha tena kahawa ikiwa vuguvugu.

Utakachokikuta kwenye glasi tatu

Kwa Arabika, glasi ya kiwango chepesi itakupa uchachu ulio wazi, unaokumbusha chungwa au ukwaju mwepesi, pamoja na harufu ya maua au matunda, na kinywaji kitahisi chepesi mdomoni. Uchachu huu si kuharibika. Ni asidi za tunda lenyewe ambazo moto haujazivunja, na ndiyo sababu kiwango hiki huonyesha kahawa ilikotoka kuliko kingine chochote. Kiwango cha kati kina utamu unaoelekea sukari guru na karanga zilizokaangwa, uchachu umetulia, na uzito mdomoni umeongezeka. Kilichokolea kina uchungu, moshi na chokoleti chungu. Hapo kahawa za sehemu mbalimbali huanza kufanana, kwa sababu unachokionja zaidi ni kazi ya moto.

Robusta ina safari yake. Sukari yake ni kidogo kuliko ya Arabika, na uchachu wa matunda hauwi mkubwa, kwa hiyo kiwango chepesi mara nyingi huleta ladha ya nafaka au karanga mbichi pamoja na ukakasi unaoufunga ulimi. Mimi simshauri mtu anayeanza kunywa Robusta ya Kagera kwa kiwango chepesi kila siku, ingawa namshauri aionje mara moja ili ajue. Kiwango cha kati kinachokaribia mpasuko wa pili ndicho kinachoipendeza: karanga, kakao, uzito mzuri, na uchungu unaovumilika bila sukari. Watu wa Kagera wana kahawa nzuri sana, na inaniuma kuona inakaangwa hadi kuwa makaa kwa imani kwamba ndivyo Robusta inavyotaka.

Ladha unayoizoea pia hukuelekeza unachokiita kizuri. Niliwahi kumpelekea muuza kahawa mmoja wa kijiweni glasi zangu tatu za Arabika. Nikamwamkia, nikamwomba aonje kwa zamu. Kwa ile nyepesi alisema, "Mwanangu, hii bado inadai moto." Akasifu iliyokolea, akaendelea kuwamiminia wateja wake. Baada ya robo saa hivi, ile nyepesi ilipokuwa vuguvugu, aliirudia mwenyewe, akainywa hadi chini, akauliza kama nimetia tunda. Kiwango chepesi hujifungua kinapopoa, na ndiyo maana nimesisitiza kuonja mara tatu. Kikinywewa cha moto kwa haraka, pembeni ya kashata tamu, huonekana maji matupu.

Baada ya zoezi hili, kahawa ya dukani utaisoma kwa urahisi zaidi. Maandishi ya pakiti hayafuati kipimo kimoja, na "wastani" wa mkaangaji mmoja ni "iliyokolea" kwa mwingine. Kama ni punje nzima, tazama uso wake: kavu na kahawia hafifu ni kiwango chepesi, laini isiyo na mafuta ni cha kati, yenye kung'aa kwa mafuta imefika au imepita mpasuko wa pili. Kama ni unga, rangi haitakusaidia sana; nusa, na ukipata harufu ya moshi kabla ya ile ya kahawa, jua imekolea.

Mambo yakienda vibaya

*Nje ni nyeusi, ndani ni hafifu.* Vunja punje moja na ulinganishe rangi. Ndani ikiwa nyepesi kuliko nje kwa tofauti kubwa, moto ulikuwa mkali mno mwanzoni. Glasi yake ina uchungu na ladha ya majani mabichi kwa pamoja. Punguza moto, na uhakikishe njano haitokei kabla ya dakika ya nne.

*Punje zina madoa meusi upande mmoja.* Mkono ulisimama, au kitako cha kikaango ni chembamba. Ikiwa huna kikaango kizito, punguza fungu hadi gramu 150 na ukoroge haraka zaidi.

*Sikusikia mpasuko wowote.* Aidha moto ni mdogo, au fungu ni kubwa kuliko uwezo wa jiko, au kelele za uani zimekuzidi. Ongeza moto kidogo kwa fungu linalofuata. Usiuongeze ghafla katikati ya fungu lililokwisha kaa dakika kumi na tano. Hilo limekwisha kukauka na halitapata ladha.

*Kahawa ina rangi nzuri lakini haina ladha, kama mkate uliopoa.* Imeokwa polepole badala ya kukaangwa. Hili ndilo kosa linalowachanganya wengi, kwa sababu hakuna kinachoonekana kwa macho. Rudi kwenye dakika zako: mpasuko ulikuja lini? Ulete kati ya dakika ya nane na ya kumi, na baada ya hapo usiuache moto ufifie. Kwa mkaa, hii ina maana ya kuongeza makaa yaliyokwisha kushika pembeni kabla ya kuanza, maana mkaa mbichi ukiutia katikati ya kazi utakupunguzia joto na kukuletea moshi.

*Kiwango chepesi kina ladha ya nyasi na kinakwaruza koo.* Ulitoa kabla mpasuko haujashika kasi, na kahawa haijaiva. Uchachu wa kahawa iliyoiva huwa msafi na hufuatiwa na utamu. Huu wa nyasi haufuatiwi na kitu. Ongeza nusu dakika.

*Mafuta yametokea juu ya punje za kiwango cha kati baada ya wiki.* Kama ni vitone vichache, ulikuwa karibu sana na mpasuko wa pili, na kahawa bado ni njema. Kama zimelowa zote, ulipoza polepole na kahawa ikaendelea kuiva kwenye ungo. Hamisha haraka zaidi kati ya nyungo. Kahawa yenye mafuta juu itumie mapema, ndani ya wiki mbili, kwa sababu mafuta yakikutana na hewa huchacha. Ile kavu hukaa vizuri hadi mwezi mmoja ikiwa punje nzima.

*Viwango vyote vitatu vina ladha moja.* Pima uzito tena. Karibu kila aliyeniletea malalamiko haya alikuwa na mafungu matatu yaliyopoteza asilimia 17, 18 na 19, yaani alikuwa amekaanga kiwango kilichokolea mara tatu. Tumia zile gramu 200 za akiba, simama na saa mkononi, na mpasuko ukianza kupungua utoe kahawa hata kama macho yako yanakuambia bado.